Jembe na Shauri: Mafundisho ya Mwaka 1966

Wengi hudhani ya kuwa kijana amekwisha kufundishwa mambo ya serikali akiweza kutaja majina ya mawaziri na kueleza kazi ya Bunge. Mimi nami, kwa miaka kadhaa ya ualimu wangu, nilidhani vivyo hivyo. Walakini habari za nchi yetu zatuonyesha jambo jingine, nayo yatupasa kulikumbuka sisi tushikao chaki.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na Jeshi la Kujenga Taifa likaanzishwa mwaka 1963. Hapo kwanza vijana waliingia kwa hiari. Hata mwaka 1966 serikali ikakusudia kuwalazimisha vijana waliomaliza masomo ya juu walitumikie taifa kwa muda wa karibu miaka miwili: miezi 5 kambini, na miezi 18 katika kazi zao, wakipokea 40 tu katika kila shilingi 100 za mshahara.

Jambo hilo liliwachukiza wanafunzi wengi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam. Tarehe 22 Oktoba 1966 wakaandamana hata Ikulu, wengine wamevaa majoho yao, wamechukua mabango mikononi. Bango moja lilisema ya kuwa wakati wa ukoloni ulikuwa afadhali. Rais Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa amefundisha shule huko Tabora na Pugu, aliwasikiliza, kisha akakasirika sana. Wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa chuoni, wakarudishwa makwao. Baadaye wengi wao waliruhusiwa kurudi.

Je, tuamueje habari hii? Vijana wale walikosa, maana walisomeshwa kwa kodi ya wakulima, ambao wengi wao watoto wao hawakupata nafasi hata ya shule ya kati. Aliyebebwa mgongoni hajui urefu wa njia. Lakini katika malalamiko yao mlikuwamo neno moja la kweli, nalo ni kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno. Rais hakulikataa neno hilo kwa sababu ya makosa ya waliolisema. Alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa sehemu ya tano, na mishahara ya wakubwa wengine wa serikali ikapunguzwa pia. Basi siku ile mwanafunzi alifunzwa, na mwalimu naye alifunzwa.

Miezi michache baadaye, Machi 1967, Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza ya kuwa katika watoto 100 wa shule za msingi, 13 tu ndio watakaopata nafasi ya sekondari. Kwa hiyo haifai kuwafundisha wote kana kwamba watakuwa makarani. Kila shule iwe na shamba au kazi yake. Wasomaji wengi hulikumbuka jembe la andiko hilo, wakasahau ya kuwa lilitaka pia wanafunzi washiriki katika kupanga kazi na kuamua mapato yatumiwe namna gani. Katika shule nyingi jembe lilipokewa, na shauri likaachwa nje ya mlango. Mtoto akalima, mwalimu akauza, na mtoto asijue fedha zilikwenda wapi. Je, huko ndiko kumfundisha uraia, au ni kumfundisha kunyamaza?

Pale shauri na kazi vilipokwenda pamoja, matunda yalionekana. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza mafunzo kwa redio, wakajadiliana wao kwa wao juu ya magonjwa ya kwao, ndipo wakachimba vyoo. Hawakuchimba kwa kuwa wameamriwa tu, bali wengi walichimba kwa kuwa wamekwisha kuelewa sababu.

Nami nikaona vema kulijaribu jambo hili katika shule yangu ndogo. Tulipouza mahindi ya shamba letu, niliwaita wanafunzi wa darasa la sita na la saba wafanye baraza, waamue fedha zitumiwe namna gani. Wengine walitaka mpira, wengine walitaka tangi la maji litengenezwe. Kisha msichana mmoja akasimama kwa adabu, akasema, “Mwalimu, shikamoo. Kabla hatujaamua, twaomba kujua fedha za mwaka jana zilifanya nini.” Nilifungua daftari langu, nikakuta kurasa tupu. Fedha sikuzila, zilinunua madaftari na kufuli. Lakini sikuandika lolote, na mbele ya watoto wale sikuwa na ushahidi. Niliona haya kubwa. Nilitamani kumwambia aketi. Ndipo nilipokumbuka habari za mwaka 1966, nikawaambia ya kuwa ameuliza vema, na kosa ni langu. Tangu siku ile hesabu za shamba huandikwa na wanafunzi wawili, na kubandikwa ukutani. Na tangi lilitengenezwa.

Walimu wenzangu, udongo uupate uli maji. Kijana asiyewahi kuulizwa shauri shuleni, akiwa mtu mzima atanyamaza penye haja ya kusema, au atapiga kelele pasipo kupima. Tumpe jembe, tumpe na daftari la hesabu. Naye akituuliza, tumjibu.