Fomu 1,800 na Kiti cha Diwani

Tangu Homa Bay iandae sherehe za Madaraka Dei mwaka 2025, mji umeanza kujiangalia kwa macho ya mgeni. Hoteli za ufukweni zinapigwa rangi, gati linapigwa picha, mtu wa Nairobi anataka kujua samaki wa kukaanga ni pesa ngapi na ni mwendo wa saa ngapi hadi Rusinga kwenye kaburi la Tom Mboya, au mbuga ya Ruma kwenye twiga. Hakuna ubaya. Lakini mimi nina swali la mwenyeji. Nani huamua kibanda cha mama wa omena kitabaki pale kilipo au kitapisha hoteli? Nani huamua taka za soko zitazolewa lini na zimwagwe wapi? Na kijana wa pale mjini akitaka yeye ndiye awe anaamua, agombee kiti gani?

Utajibiwa haraka: MCA. Sawa, lakini hilo ni jibu la juzi tu. Kiti hicho kina karibu miaka mia moja, na kimenyang'anywa mambo mengi njiani.

Kinaanza 1925, enzi za South Kavirondo, wakati Homa Bay, Migori na Kisii zilikuwa wilaya moja na bwana DC akikaa Kisii. Wakoloni waliunda baraza la wenyeji la wilaya. Mwenyekiti alikuwa DC mwenyewe, machifu walikaa ndani, na wengine walipendekezwa na watu barazani kisha serikali ikawakubali au kuwakataa. Kwa hiyo usidhani ilikuwa demokrasia. Hata hivyo baraza lile liliruhusiwa kutoza ushuru wake, na ushuru huo ulienda kwa shule, barabara na zahanati. Watu wakaanza kuuliza pesa zao zimeenda wapi. Katika siasa za mashinani hakuna swali lililozidi hilo, mpaka leo.

Mtu wa kumkumbuka hapo ni Paul Mboya wa Karachuonyo, asichanganywe na Tom. Alikuwa chifu, akaandika kitabu cha mila za Wajaluo, Luo Kitgi gi Timbegi, kilichotoka 1938, na baadaye akawa katibu wa baraza la wilaya ya South Nyanza. Chifu, mwandishi na karani mkuu kwa mtu mmoja. Nadhani hapo ndipo desturi yetu ya kumtaka kiongozi wa mtaa awe kila kitu ilipopata mfano: aandike barua, aamue kesi ya ng'ombe, alete shule, na akifiwa jirani awe wa kwanza kufika.

Mwaka 1950 mabaraza yakapewa jina jipya na nguvu zaidi. Machi 1957 Waafrika wakapiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na South Nyanza ikampeleka Lawrence Oguda. Kura yenyewe ilikuwa ya vituko: kulingana na elimu, mali au utumishi wako, ungeweza kuwa na kura moja, mbili hadi tatu. Jirani yako asiye na cheti hana hata moja. Uhuru ulipokuja 1963 likaundwa baraza la kaunti, makao yakiwa Homa Bay, na kila mtu mzima akawa na kura moja. Diwani wa wakati ule alikuwa na kazi ya kweli. Shule za msingi, vituo vya afya na barabara za mashambani vilikuwa chini ya baraza lake. Mtoto akikosa dawati, ulijua mlango wa kubisha. Pale Kisumu, mwaka 1965, Grace Onyango akawa meya, mwanamke wa kwanza Kenya kushika kiti hicho, na wasichana wengi wa Nyanza walikua wakilijua jina hilo.

Halafu ukaja 1968. Hapa nataka tukae kidogo.

Miaka miwili kabla yake, Oginga Odinga alikuwa ametoka KANU na kuanzisha KPU. Nyanza ikagawanyika, na South Nyanza ikajikuta katikati, maana Katibu Mkuu wa KANU alikuwa Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga. Uchaguzi wa madiwani ulipangwa Agosti 1968, nchi nzima, na ungekuwa mtihani wa kwanza wa KPU mashinani. Chama kikasimamisha wagombea wapatao 1,800. Wakachukua fomu, wakajaza, wakazirudisha kwa wasimamizi wa uchaguzi, ambao walikuwa maafisa wa utawala wa serikali.

Fomu zote zikakataliwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba hazikujazwa sawasawa.

Soma tena: zote. Watu 1,800, kutoka wilaya mbalimbali, wa lugha na elimu tofauti, na hakuna hata mmoja aliyeweza kujaza karatasi ipasavyo. Wa KANU nao, kwa bahati ya ajabu, walijua kalamu. Wagombea wa KANU wakapita bila kupingwa, na katika mabaraza mengi mpiga kura akabaki nyumbani na kura yake. Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, KPU ikapigwa marufuku mwishoni mwa Oktoba mwaka uo huo, na vitabu vya historia vikajaa hayo mawili, kwa haki kabisa. Fomu 1,800 zikapewa mstari mmoja au miwili. Mimi naona mstari huo ndio uliogusa maisha ya kawaida zaidi. Kwenye kiti cha diwani ndipo mtu asiye na gari, asiye na digrii na asiye na jina kubwa angeweza kuingia siasa. Mlango huo ulifungwa kwa muhuri, bila kelele, na karani mmoja kwenye meza.

Mwaka huohuo Katiba ikabadilishwa, mgombea huru akaondolewa. Bila chama huna kura, na baada ya KPU kuondoka chama kilikuwa kimoja. Kisha pigo la tatu: kuanzia Januari 1970, kwa sheria iliyopitishwa 1969, serikali kuu ikachukua shule za msingi, afya na barabara kutoka kwa mabaraza ya kaunti. Manispaa chache kubwa ziliachiwa, South Nyanza haikuachiwa. Sasa jiulize diwani alibaki na nini. Soko. Leseni. Kichinjio. Na viwanja.

Viwanja ndivyo vilivyoharibu jina la udiwani. Tunapenda kucheka madiwani wa zamani, kwamba walikuwa watu wa kelele na kugawana ploti, na wengi walikuwa hivyo, siwatetei. Lakini ukimpa mtu kiti halafu umpokonye shule, zahanati na barabara, umwachie ardhi ya mji na kitabu cha risiti, unatarajia ashughulike na nini? Mvuvi wa Mbita au mkulima wa miwa wa Awendo alimjua diwani kama mtu wa kutoza ushuru sokoni. Hakumwona kama mtu wa kumletea kitu. Na katika miji, meya hakuchaguliwa na wananchi. Madiwani ndio waliompigia kura chumbani, hivyo ikawa kawaida nchini madiwani kufungiwa hotelini mji mwingine siku kadhaa kabla ya kura ya meya, wale, wanywe, simu zao zishikwe na mtu. Utalii wa ndani, tuseme.

Uchaguzi wenyewe ulifika chini kabisa 1988, mwaka wa mlolongo. Unasimama nyuma ya mgombea au picha yake, mchana peupe, chifu anaangalia, mwenye duka anayekukopesha unga anaangalia. Mstari mfupi ukatangazwa mrefu na hakuna karatasi ya kuhesabu upya. Wazee waliokuwepo bado huusimulia wakicheka, ila si kicheko cha raha.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi na kura ya Desemba 1992, ungedhani mlango umefunguka. Ulifunguka nusu. South Nyanza, ambayo katika miaka hiyo ilikatwakatwa ikazaa Migori na wilaya nyingine, ilipiga kura kwa wimbi: FORD-Kenya ya Jaramogi, kisha NDP ya Raila 1997, kisha NARC 2002, kisha ODM 2007. Mwenye tikiti ya chama cha wimbi alipita hata kama hakuwahi kuhudhuria mkutano wa soko. Kwa hiyo uchaguzi halisi ukawa mchujo wa chama, na mchujo una matatizo yake: karatasi zinachelewa, matokeo mawili yanatoka kituo kimoja, cheti anakipata aliyelala karibu na ofisi ya chama. Mgombea wa 1968 alizuiwa na afisa wa serikali. Wa miaka ya 1990 alizuiwa na watu wake mwenyewe, wakimwita ndugu.

Migori ilionyesha mwaka 2013 kwamba wimbi lina tundu. Okoth Obado alichukua ugavana kwa tikiti ya PDP, chama kidogo, akambwaga wa ODM nyumbani kwa ODM. Watu wakaona kumbe inawezekana.

Mwaka huo wa 2013 ndio mabaraza ya zamani yalikufa. Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47 na wadi 1,450. Homa Bay ikapata 40, Migori 40, kuanzia wadi za mjini hadi Kisiwa cha Mfangano na Muhuru, upande wa ziwa ambako wavuvi wa Migingo wamebishana na Uganda kwa miaka. Diwani akawa MCA, mheshimiwa kamili. Kazi yake kisheria ni kutunga sheria za kaunti, kuwakilisha wadi na kumchunguza gavana. Pesa za barabara hazishiki yeye. Sasa jaribu kumweleza hivyo mama aliyefiwa anayehitaji jeneza, au kijana wa bodaboda anayetaka helmeti. Watu bado wanamtaka Paul Mboya.

Kwa wanawake njia imekuwa ndefu zaidi. Phoebe Asiyo alishinda ubunge wa Karachuonyo 1979, na 1997 akapeleka bungeni hoja ya kuwatengea wanawake nafasi, ikaangushwa. Katiba ya 2010 ikaleta viti vya kuteuliwa kusawazisha jinsia katika mabunge ya kaunti, na 2022 Homa Bay ikamchagua Gladys Wanga kuwa gavana. Bado kwenye wadi zenyewe, mwanamke mgombea huulizwa ameolewa wapi. Akiwa na mume wa wadi nyingine, akapige kura huko. Akigombea kwao alikozaliwa, ataambiwa aliondoka.

Na mji? Hapa ndipo mwenye hoteli na mama wa omena wote wanapaswa kusikiza. Mji wa Homa Bay hauna tena baraza la kuchaguliwa na wakazi. Chini ya sheria ya miji ya 2011, manispaa huendeshwa na bodi na meneja, na watu wa bodi hawapigiwi kura ya wananchi. Mabadiliko ya 2019 yalishusha idadi ya wakazi inayotakiwa kutoka 250,000 hadi 50,000, hivyo miji midogo mingi ikaweza kuwa manispaa. Kiti cha meya hakipo. Ukitaka sauti juu ya ufuo wa mji, utagombea wadi, ukae bungeni na wenzako wa vijijini ambao hawana haja na taka zako.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Mgombea huru alirudishwa na Katiba ya 2010, miaka 42 baada ya kuondolewa, na kwa kiti cha wadi anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa wadi hiyohiyo. Fomu inarudishwa kwa msimamizi wa uchaguzi wa IEBC. Ajaze kila kisanduku, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri.