Waafrika wa Nchi ya Kannada

Katika siku za Navaratri ya mwaka uliopita, mlango wa hekalu ulikuwa wazi kwa majirani kama ilivyo desturi yetu, na miongoni mwa waliokuja kutazama garba alikuwamo mzee mmoja wa Majengo ambaye tumefahamiana naye tangu ujana. Alipokwisha kunywa chai alituuliza: "Mzee mwenzangu, wazee wenu walikuja huku kwetu kwa majahazi. Je, na sisi tulipata kwenda kwenu?" Tulimjibu kwa haraka kwamba walikwenda mabaharia, wakarudi. Jibu hilo halikuwa la kweli, na tulilijua hivyo hata kabla hatujafika nyumbani. Kwa kuwa kitabu hiki cha kumbukumbu husomwa na waumini pamoja na majirani, tumeona kuwa hapa ndipo mahali pafaapo kumjibu upya.

Waafrika walikwenda India, wengi hawakurudi, na vizazi vyao vipo hata leo. Huitwa Wasidi. Sisi wenye asili ya Gujarat tulipaswa kuwa wa kwanza kulisema jambo hili, maana wapo kwetu: katika kijiji cha Jambur, karibu na msitu wa Gir wenye simba, na penye kaburi la Bava Gor huko Ratanpur, ambako ngoma yao ingali ikiitwa goma. Hao wengi wao ni Waislamu. Lakini leo tunapenda kumchukua msomaji kusini zaidi, katika nchi ya wasemao Kikannada, kwa sababu huko Wasidi wamo katika dini tatu, yetu ikiwa mojawapo, na habari zao hazijulikani sana miongoni mwetu.

Nchi hiyo sasa ni jimbo la Karnataka. Sehemu za wasemao Kikannada ziliunganishwa tarehe 1 Novemba 1956, na jina la Karnataka likatolewa mwaka 1973. Wilaya yake ya kaskazini pwani, Uttara Kannada, imepakana na Goa. Ukiacha bahari unapanda milima ya Ghats yenye mvua nyingi na msitu mnene, na chini ya vivuli watu hulima mipopoo, pilipili manga na iliki. Mtu wa Kibosho au Marangu akifikishwa huko, kwa mabonde yale na vijito vile, asingejiona mgeni sana.

Wareno waliitwaa Goa mwaka 1510 na kuishikilia hadi 1961. Kutoka Msumbiji walichukua mateka na kuwauza huko kuwa watumishi wa majumbani na wachukuzi. Walioweza kutoroka walivuka mpaka na kuingia katika misitu ya Yellapur, Haliyal, Ankola na Mundgod, na humo wakajenga. Wengine waliletwa na wafanyabiashara wa majahazi. Wapo pia waliofika kama askari na wakapanda daraja: huko Bijapur, katika nchi hiyohiyo ya Kannada, Ikhlas Khan, mtu wa asili ya Uhabeshi, alikuwa waziri mkubwa wa sultani katika karne ya 17. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba Wasidi wa leo kwa sehemu kubwa wametokana na Waafrika wa jamii za Kibantu. Mzee wetu hakuwa amekosea kusema "sisi".

Wasidi Wahindu wa Uttara Kannada husema lugha iliyochanganyika na Kikonkani, na Kikannada huwa lugha yao ya shule na ya soko. Huadhimisha sikukuu kama majirani zao. Lakini ndani ya nyumba wana ibada ambayo sisi tulioishi chini ya Mlima huu tunaifahamu bila kuelezwa: huwaheshimu hiriyaru. Neno hilo ni la Kikannada, na maana yake ni wazee. Marehemu wa ukoo huwakilishwa na nazi iliyowekwa mahali pa heshima nyumbani, nao huombwa na kukumbukwa ukoo unapokutana. Hapa Kilimanjaro nazi hazioti, lakini nani asiyejua maana ya jani la sale, au ya kumwaga mbege kidogo kabla ya mkubwa kunywa?

Ngoma yao huitwa damam. Hutengenezwa kwa gogo la mti lililochongwa uwazi na kuwambwa ngozi, nayo hupigwa katika shangwe, watu wakiimba na kucheza. Wanawake nao wana kazi yao ya mikono, nayo ni kawand, blanketi la viraka. Mwanamke huchukua nguo kuukuu, sari na mashati yaliyochakaa, huanza kushona pembeni na kuzunguka polepole kuelekea katikati, mishono ikiwa midogo na ya karibu. Mwishoni huweka katika kila pembe kiraka kilichokunjwa kwa umbo la pembetatu kiitwacho phula, yaani ua. Wenyewe husema kwamba blanketi lisilo na maua hayo liko uchi. Sisi tuliokaa miaka mingi katika biashara ya vitambaa tumeuza majora yasiyohesabika, na hatukupata kusikia neno zuri kama hilo juu ya nguo.

Hata hivyo, tusiishie kwenye ngoma na maua. Wasidi wengi walifanya kazi za kibarua katika mashamba ya mipopoo ya Wabrahmani wa Kihavyaka, vizazi kwa vizazi, wakifungwa na madeni. Hawa waliokuwa wakiwatwisha kazi walikuwa Wahindu wenzao. Na katika safari iliyowafikisha Waafrika utumwani, watu wa kwetu walikuwamo. Forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa muda mrefu kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Bhatia wa Kutch, na ushuru ulitozwa pia juu ya vichwa vya watumwa. Wahindi walikopesha fedha za misafara, na wengi walimiliki watumwa mpaka balozi mdogo wa Uingereza, Rigby, alipowalazimisha kuwaachia mwaka 1860. Soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Misafara ya Pangani ilipita hapa hapa chini ya mlima.

Tumezoea kuhadithiana jinsi babu zetu walivyofika na reli mwaka 1911 wakiwa na sanduku moja, na jinsi majumba yalivyochukuliwa mwaka 1971. Ni habari za kweli nasi tunazisimulia kwa uchungu. Habari hizi nyingine hatukuzisimulia. Katika nyumba zetu neno habsi lilitamkwa mbele ya watumishi kana kwamba hawana masikio, na sisi watoto tuliliokota.

Mambo ya Wasidi wa Karnataka yamebadilika kwa kiasi. Katika miaka ya 1980 kundi la tamthilia la Ninasam la Heggodu lilifanya kazi na Wasidi wa Manchikeri, wakaigiza kwa Kikannada mchezo uliotokana na riwaya ya Chinua Achebe. Waafrika wa India wakicheza habari za Waafrika wa Nijeria mbele ya wanakijiji. Mwaka 2003 Wasidi wa Uttara Kannada waliingizwa katika orodha ya makabila yanayopewa hifadhi ya kisheria, na hivyo wakapata nafasi zilizotengwa katika masomo na ajira. Mwaka 2020 Shantaram Siddi aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Karnataka, Msidi wa kwanza kuingia humo.

Kabla ya kuandika haya tulimwendea mzee wetu Majengo, tukaketi barazani kwake na kumweleza yote, pamoja na yale ya forodha. Alisikiliza bila kutukatiza. Juu ya forodha hakusema neno. Alitaka kujua kama wale wa Gujarat kweli huiita goma, tukamjibu ndiyo. Akamwita mjukuu wake aliyekuwa uani, akamwambia aje asikie, nasi tukaanza tena tangu mwanzo.