Mshauri na Jembe Lake: Ukurasa wa Historia ya Utunzaji wa Ardhi

Mkulima wa Ihanda, katika Wilaya ya Karagwe, amezoea kupokea wageni wenye mashauri. Bwana shamba humwambia afunike udongo wa kibanja kwa nyasi. Bwana misitu humwambia apande miti na kupunguza kuni. Mchungaji naye humhubiria utunzaji wa uumbaji. Mkulima huyu husikiliza kwa adabu, lakini husikiliza kwa macho pia: hutazama kilichopandwa nyuma ya nyumba ya mshauri, na kinachowaka jikoni mwake. Wako wanaouita mtazamo huu ukaidi wa watu wa vijijini. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mtazamo huo una historia, nayo yafaa ijulikane na watumishi wa Kanisa.

Wakati wa utawala wa Waingereza, Karagwe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bukoba. Mwaka 1937 zilitolewa huko kanuni za kutunza mibuni, kwa nguvu ya sheria. Wakulima walizipinga, zikatokea ghasia. Watu hao walikuwa wamelima kahawa miaka mingi. Hawakuona kwa nini mtu asiyekuwa na mbuni hata mmoja awafungulie mashtaka juu ya mibuni yao.

Lakini mfano ulio wazi zaidi unapatikana mbali na kwetu, katika milima ya Uluguru. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa serikali waliona, na waliona kweli, kwamba mvua ilikuwa ikiuchukua udongo wa miteremko ile. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1940 wakaleta mpango wa kuhifadhi ardhi. Waluguru waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi, na asiyetii alitozwa faini. Kazi ilikuwa nzito, tena ya lazima. Isitoshe, mahali pengi udongo wa juu ulikuwa mwembamba. Ngazi ilipochimbwa, udongo wenye rutuba ulifukiwa na ule mkavu wa chini ukatokea juu. Mwenye shamba aliliona jambo hilo katika mavuno yake. Mwenye kuamuru hakuwa na mavuno ya kuangalia. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kuupinga mpango huo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Tusiharakishe kusema kwamba wataalamu wale walikuwa wanafiki. Wengi walikuwa wachapa kazi, na mmomonyoko waliouhofia haukuwa wa kubuni. Kasoro yao ilikuwa nyingine: hawakuishi chini ya shauri lao wenyewe. Laiti afisa mmoja angelima ngazi moja kwa misimu miwili na kula kilichotoka humo, angaligundua kosa kabla ya kuliagiza kwa mlima mzima. Kwa sababu hiyo nadhani si haki kuyafikiria maisha ya mshauri kama pambo la kuwavutia watu tu. Anayetenda anachokisema hujifunza pia mahali ambapo neno lake limekosea.

Uchunguzi wa siku zetu unakubaliana na macho ya mkulima. Mwaka 2016 Shahzeen Attari wa Chuo Kikuu cha Indiana, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya utafiti waliofanya miongoni mwa Wamarekani kuhusu wataalamu wa tabianchi. Wasomaji walioambiwa kwamba mtaalamu anatumia nishati nyingi nyumbani kwake walimwamini kidogo, na utayari wao wa kufuata shauri lake ulipungua. Utafiti wao wa mwaka 2019 uliongeza neno ambalo mhubiri atalipenda: mtaalamu aliyegeuka na kubadili mwenendo alirudishiwa sehemu kubwa ya imani hiyo.

Hapa mwanafunzi wa theolojia ataleta swali, na ni swali zuri. Je, Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 8, halikuwakataa Wadonato? Halikufundisha kwamba Neno na sakramenti vina nguvu hata vikitolewa na watu waovu? Ndivyo. Lakini nguvu hiyo inatokana na agizo la Kristo. Shauri la kuchimba matuta au kuacha mkaa halina agizo la namna hiyo. Linasimama kwa ushahidi, na mwenendo wa msemaji ni sehemu ya ushahidi unaofika kijijini. Mchungaji anayehubiri juu ya miti huku ua wa usharika umebaki mtupu hawezi kujificha nyuma ya kifungu cha 8.

Jirani yetu Wangari Maathai wa Kenya alilielewa hilo. Tangu mwaka 1977 kazi yake ilipita mikononi mwa wanawake wa vijijini waliootesha miche bila shahada yoyote ya misitu, naye mwenyewe alipiga magoti na kupanda pamoja nao. Mwaka 1999 alijeruhiwa alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura. Alipofariki, Septemba 2011, alikuwa amekwisha kueleza kwamba hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, magugu yaleyale ambayo wavuvi wa ziwa letu la Viktoria wamehangaika nayo kwa miaka mingi.