Mtoto Acheuaye na Mtoto Akataaye Kula: Habari ya Elimu na Lawama

Kiswahili hutenga kutapika na kucheua. Atapikaye hudhaniwa kuwa mgonjwa, na nyumba nzima hushtuka. Acheuaye ni mtoto aliyeshiba, maziwa yakampanda kinywani na kumwagikia bega la mama yake. Ng'ombe naye hucheua, wala hapana mchungaji amwitiaye tabibu kwa sababu hiyo. Tofauti hii, ambayo mlezi huijua kwa jicho lake, ilichukua sehemu kubwa ya karne ya ishirini kupata mahali pake katika utabibu wa Ulaya na Marekani, na katika muda huo wazazi wengi walibebeshwa mzigo usiokuwa wao.

Sababu ya kucheua si ngumu kueleza. Umio huishia penye msuli wa mviringo ambao hufunguka chakula kipite, kisha hufunga. Katika mtoto mchanga msuli huo hulegea mara kwa mara pasipo wakati wake. Tena chakula chake chote ni majimaji, tumbo lake ni dogo, na sehemu kubwa ya siku yake huipitisha amelala. Uchunguzi uliofanywa karibu na Chicago na kutangazwa mwaka 1997, ambamo wazazi 948 waliulizwa habari za watoto wao wenye afya, ulionyesha kwamba nusu ya watoto wasiozidi miezi 3 walicheua angalau mara moja kwa siku. Katika mwezi wa 4 walifika asilimia 67. Kati ya miezi 10 na 12 walibaki asilimia 5 tu. Mtoto akishajifunza kuketi na kula chakula kizito, jambo lenyewe huondoka kama lilivyokuja.

Lakini si kila mtoto hupita njia hiyo kwa amani. Wako ambao uchachu wa tumbo huwachoma umio, wakalia, wakapinda mgongo wakati wa kunyonya, na uzito wao usipande. Na wako wapatwao na jambo la pili lililo zito kuliko la kwanza: mtoto aliyeumia mara nyingi wakati wa kula hujifunza kwamba chuchu, chupa na kijiko ni mlango wa maumivu. Maumivu huweza kupona, na kumbukumbu ikabaki. Mtoto huyu hugeuza uso hata kabla chakula hakijamfikia. Mzazi, akiona uzito unashuka, husukuma. Mtoto, akiona asukumwa, hufunga kinywa zaidi. Hivyo huruma ya mmoja na hofu ya mwingine hulishana, na meza ya chakula hugeuka uwanja wa vita ambao hakuna aliyeutaka.

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, matabibu wa Marekani walitafuta kosa katika maziwa. Thomas Morgan Rotch wa Harvard alifundisha kwamba maziwa ya ng'ombe yapimwe kwa asilimia za mafuta, sukari na protini, na kila mtoto aandikiwe kipimo chake. Mwaka 1894 Luther Emmett Holt wa New York alitoa kitabu kidogo cha maswali na majibu juu ya ulezi na ulishaji wa watoto, kikasomwa na wazazi kwa miaka mingi. Katika New Zealand, Truby King alianzisha mwaka 1907 chama kilichojulikana baadaye kwa jina la Plunket, nacho kikahubiri kunyonyesha kwa saa: kila baada ya saa nne, na usiku kinywa kipumzike.

Si haki kuwacheka watu hawa. Katika miji ya zama zao watoto walikufa kwa wingi kwa kuhara, hasa wakati wa joto, kwa sababu ya maziwa machafu. Usafi na utaratibu uliokoa roho. Lakini utaratibu ulikuwa na upande wake wa pili. Kiasi cha maziwa kilitoka katika karatasi, si katika njaa ya mtoto. Mtoto aliyeacha nusu ya chupa alionekana kama aliyevunja sheria, na mama aliyemnyonyesha kabla ya saa kugonga alionekana dhaifu wa nia. Kipimo kilichowekwa ili kimsaidie mama kikawa hakimu wake.

Matunda ya hukumu hiyo yalionekana upesi. Mwaka 1927 C. Anderson Aldrich, tabibu wa watoto katika jimbo la Illinois, alitoa kitabu juu ya kukuza hamu ya mtoto ya chakula. Mwaka 1932 Joseph Brennemann wa Chicago aliandika juu ya upande wa nafsi katika lishe ya watoto. Wote wawili waliona jambo la ajabu: nyumba zilizokuwa na chakula cha kutosha na maagizo mengi ya wataalamu ndizo zilizokuwa na watoto wakataao kula. Kadiri mtoto alivyolazimishwa, ndivyo alivyokataa. Wenye elimu walikuwa wameanza kuukiri ugonjwa ambao elimu yenyewe ilikuwa na mkono ndani yake.

Jaribio lililokata shauri zaidi lilifanywa na mwanamke, Clara Davis. Alianza Cleveland mwaka 1926, akaendelea Chicago, na jumla ya watoto 15 walioachishwa ziwa walipita mikononi mwake. Waliwekewa vyakula vya asili vipatavyo 34, vilivyoandaliwa bila sukari wala chumvi, kila kimoja katika chombo chake. Mwuguzi aliketi kando, kijiko mkononi, ameamriwa asitoe chakula, asisifu, wala asilaumu. Mtoto akinyosha mkono au akionyesha chombo, mwuguzi alichota. Na kama mtoto alifungua kinywa, alimtilia. Watoto walikula vibaya siku moja na vizuri siku nyingine, walichagua mambo ambayo hapana mpishi angeyachagua, na wote walistawi. Davis mwenyewe aliwaonya wasomaji wake mwaka 1939 kwamba siri ya jaribio ilikuwa katika orodha: hapakuwa na chakula kibaya cha kuchagua. Mkubwa aliamua ni nini kiwekwe mezani. Mtoto aliamua ni nini kiingie kinywani.

Miaka mitatu baadaye, yaani 1942, tabibu Preston McLendon na Frances Simsarian walitangaza habari za mtoto aliyenyonyeshwa kwa majuma 12 kila alipoonyesha njaa, si kila saa ilipofika. Simsarian alikuwa mama wa mtoto huyo. Kwa mara hiyo mama hakuletwa mbele ya elimu kama mshtakiwa. Jina lake liliandikwa pamoja na la tabibu. Benjamin Spock alipotoa kitabu chake mwaka 1946, akiwaambia wazazi wajiamini, njia ilikuwa imekwisha kufyekwa.

Wakati huo huo wenzao walitazama ndani ya mwili. Harald Hirschsprung wa Copenhagen alikuwa ameeleza mwaka 1887 ugonjwa wa watoto ambao mlango wa kutokea tumboni umezibwa na msuli mnene, maziwa yakaruka kwa nguvu mbali na kinywa. Na mwaka 1912 Conradin Ramstedt wa Ujerumani alitangaza upasuaji mwepesi unaoufungua. Huko ndiko kutapika kwa kweli, na hapo subira ingekuwa kifo. Mwaka 1947 Neuhauser na Berenberg wa Boston walionyesha kwa eksirei watoto ambao maziwa yao yalipanda kwa sababu msuli wa chini ya umio ulikuwa umelegea, na mwaka 1959 I. J. Carré wa Belfast alieleza kwamba wengi wa watoto wa namna hiyo hupona wenyewe wanapokua. Mwaka 1964 Marcel Kinsbourne aliandika habari za watoto waliopinda shingo na mgongo hata wakadhaniwa kuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kumbe chanzo kilikuwa tumboni. Mzazi aliyesema kwamba mtoto wake hujipinda kwa maumivu baada ya kula alikuwa amesema kweli.

Lakini elimu iliyothibitisha kwamba wengi hupona haikuweza kukaa kimya. Upasuaji wa kuizungushia sehemu ya juu ya tumbo mwisho wa umio, alioutangaza Rudolf Nissen mwaka 1956 kwa ajili ya watu wazima, uliingia katika hospitali za watoto. Kisha zikaja dawa. Moja, sisapridi, iliondolewa katika soko la kawaida la Marekani mwaka 2000 kwa kuwa iliweza kuharibu mwendo wa moyo. Nyingine, za kupunguza uchachu, zilipewa watoto wengi waliolia. Mwaka 2009 kundi la Susan Orenstein lilitangaza jaribio la watoto 162: nusu walipewa lansoprazoli na nusu dawa bandia isiyo na nguvu. Nafuu ilionekana kwa asilimia 54 katika kila kundi. Tofauti ilikuwa katika madhara makubwa, hasa maambukizo ya mapafu, ambayo yalizidi kwa waliopewa dawa ya kweli.

Kosa lililogharimu zaidi lilitokana na hofu ya mtoto kupaliwa na matapishi. Kwa hofu hiyo, katika miaka ya 1950 na iliyofuata, vitabu vya Marekani na Uingereza, hata chapa za baadaye za kitabu cha Spock, vilishauri watoto walazwe kifudifudi. Baadaye ilidhihirika kwamba kulala hivyo huzidisha kifo cha ghafula usingizini. Uingereza ilianza kampeni mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994 ili watoto walazwe chali, na vifo hivyo vikapungua sana. Tena ilifahamika kwamba mtoto alalaye chali, koromeo lake la hewa liko juu ya umio, na maziwa yanayopanda hayaliingii kwa urahisi. Ushauri uliotolewa ili kumkinga mtoto na maziwa ulikuwa umemweka karibu na kifo.

Habari ya mtoto akataaye kula ilichelewa kupewa jina. Mwaka 1983 Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe, aligawa kazi mbili kwa maneno mepesi: mzazi huchagua chakula, na mtoto huchagua kiasi. Mwaka 1988 Irene Chatoor na wenzake walieleza watoto waliokataa chakula baada ya kupaliwa au kuumizwa kooni, na wakakiita kisa hicho jeraha la nafsi badala ya ukaidi. Mwaka 2019 wataalamu wa fani mbalimbali walikubaliana kwamba shida ya kula ya mtoto itazamwe kwa pande nne: maradhi, lishe, ustadi wa kutafuna na kumeza, na hali ya nafsi pamoja na jamaa. Mzazi amo ndani ya upande wa nne, lakini upande wa nne si hukumu.

Yaliyosalia baada ya safari hii ndefu ni machache. Mtoto acheuaye na kunenepa hahitaji dawa, ila kunyonyeshwa kidogo kidogo, kubeuliwa, kushikwa wima kwa muda, na kulazwa chali. Matapishi ya kijani, au yenye damu, au yarukayo kwa nguvu kila mara, na uzito usiopanda, ni mambo ya kumwona tabibu bila kukawia. Na mtoto ageuzaye uso amekwisha kusema neno lake. Kijiko kikishushwa hapo, hajifunzi kuogopa kijiko kijacho. Wahenga walisema kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, nao hawakutaja saa wala mizani. Mizani ina faida yake, maana humwambia mzazi ni wakati gani wa kuogopa. Lakini miaka mingi ya majaribio haikugundua njia ya kukifungua kinywa kilichofungwa kwa hofu ipitayo ile ya mwuguzi wa Davis: kuketi karibu, kijiko mkononi, na kungoja.