Neno la Wanawake katika Bonde la Kilombero

Tamasha la fasihi, yaani mkusanyiko wa siku kadhaa ambapo waandishi husoma kazi zao mbele ya hadhira, huulizwa maswali na kuuza vitabu, ni desturi changa nchini Tanzania, na lile linalowatanguliza waandishi wanawake, likiunganisha ubunifu wao na ustawi, kwa maana ya afya ya mwili na utulivu wa nafsi, huhesabiwa kuwa jambo la mijini tena la juzi. Historia ya Ifakara na bonde la Kilombero inaonyesha picha tofauti: neno, ubunifu na ustawi vilikaa pamoja mikononi mwa wanawake kabla shule haijafika, vikatenganishwa maandishi yalipoingia, na maandishi hayo yaliwafikia wanawake wa bonde wakiwa watu wa kuambiwa muda mrefu kabla hawajawa watu wa kusema.

Bonde hilo liko kusini mwa Mkoa wa Morogoro, kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na maisha yake yanaongozwa na Mto Kilombero, ambao katika kumbukumbu za zamani huitwa pia Ulanga, ukifurika wakati wa masika na kuacha tope jeusi linalokubali mpunga kuliko zao lingine lolote. Wandamba, wavuvi na mafundi wa mitumbwi, walilikalia bonde kabla ya Wambunga, ambao waliingia katika nusu ya pili ya karne ya 19 na kuweka ngome yao maeneo ya Ifakara. Wapogoro waliteremka kutoka Mahenge, na Wabena wakashika sehemu za juu za mto. Mchanganyiko huo una uzito katika habari hii, kwa sababu nyimbo za wanawake zilivuka mipaka ya makabila kwa njia ya ndoa kwa wepesi ambao siasa za watemi hazikuwa nao.

Mahali pa kwanza pa sanaa hiyo palikuwa kazini. Mpunga hauliwi mpaka ukobolewe, na kabla ya mashine kuenea ulikobolewa kwa kinu na mchi, kazi ambayo wanawake wawili au watatu waliifanya katika kinu kimoja kwa kupokezana mapigo, mchi mmoja ukipanda wakati mwingine unashuka, kiasi kwamba aliyekosea mdundo aliweza kumuumiza mwenzake mkono. Wimbo wa kutwanga ulikuwa saa ya kazi hiyo, na kwa kuwa mwimbaji alijificha nyuma ya kazi, aliweza kutaja ndani ya wimbo mume mchoyo, mke mwenza au wifi mwenye maneno, na aliyelengwa akasikia bila kupata pa kushika. Kazi ya pili ilikuwa kuamia ndege. Mpunga unapoanza kubeba, familia nyingi huhamia shambani kwa miezi, na mtu hukaa juu ya dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya shamba na kuezekwa nyasi, akirusha madongo na kupiga kelele ili makundi ya kweleakwelea yasitue. Sauti iliyotoka dungu moja ilijibiwa na dungu la jirani, na katika siku hizo ndefu mtu alipata muda wa kutunga, jambo ambalo waandishi wa leo hulitafuta kwa kulipia vyumba vya upweke.

Mahali pa pili palikuwa nyumbani kwa mwali. Unyago, yaani mafunzo na sherehe za kumwingiza msichana katika utu uzima, ulikuwa na sura nyingi nchini. Miongoni mwa Wapogoro ulimhusu msichana mmoja mmoja, aliyewekwa ndani alipovunja ungo, akafundwa na wanawake wazima, kisha akatolewa na kuchezwa kwa ngoma. Yaliyofundishwa ndani yalihusu usafi, hedhi, uzazi, dawa, adabu za ndoa na namna ya kuishi na wakwe, na karibu yote yalipitishwa kwa wimbo, kitendawili, igizo na mzaha ambao haukuruhusiwa kusikika nje. Kungwi, yaani mwanamke anayefunda, alikuwa kwa wakati mmoja mwalimu, mtunzi na mshauri wa afya, na hakuna aliyeona haja ya kuzipa kazi hizo majina matatu. Haifai kuupamba unyago kupita kiasi, kwani mwali alifundishwa pia kunyamaza na kuvumilia, na kufungiwa ndani kwa muda mrefu kulikuwa na gharama yake. Hata hivyo, hapakuwa na mahali pengine bondeni ambapo wanawake walikuwa watunzi, waigizaji na hadhira bila mwanamume kuwapo.

Maandishi yaliingia kwa njia ya misheni na serikali. Wamisionari Wabenedikto walifungua kituo cha Kwiro, karibu na Mahenge, mwaka 1902. Miaka mitatu baadaye Vita vya Majimaji vilifika hapo, Wapogoro na Wambunga wakalishambulia boma la Wajerumani mwishoni mwa Agosti 1905, na njaa iliyofuata ikavunja kaya nyingi. Chini ya Waingereza, bonde lilipata kitabu chake kikubwa cha kwanza, *Ubena of the Rivers*, kilichotolewa mwaka 1935 na ofisa wa serikali A. T. Culwick pamoja na mkewe, Geraldine Mary Culwick, kikiwa na sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga wa Wabena. Kwa hesabu ya jina lililochapwa, basi, mwandishi mwanamke wa mapema kabisa wa bonde hili ni Mwingereza, mtafiti hodari aliyejishughulisha na idadi ya watu, uzazi na lishe, na ambaye mwaka 1939 alichapisha katika jarida la *Africa* makala kuhusu njia mpya na za zamani za kuwatunza wasichana wanaobalehe. Mtema alipata sura yake na jina lake. Makungwi, ambao ndio waliokuwa na elimu iliyojadiliwa, walibaki bila majina. Lawama ya jambo hilo si ya Bibi Culwick peke yake, kwani wimbo wa unyago ni mali ya waimbao, na jina la mtunzi halikuwa sehemu ya desturi. Lakini palipo na kitabu, asiye na jina huonekana kama hakuwapo.

Wakati huohuo ustawi ulihamia kwingine. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi, waliopokea misheni za Wabenedikto kuanzia miaka ya 1920, walijenga Ifakara huduma ya tiba iliyokua na kuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na mwaka 1957 Taasisi ya Tropiki ya Uswisi ikaanzisha mjini humo maabara ya utafiti, chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana leo kwa utafiti wa malaria. Maisha mengi yaliokolewa, na hilo halina ubishi, ila uzazi sasa ulikuwa na kadi, daktari na lugha ya kigeni, na maneno ya kungwi yakahesabiwa kuwa mambo ya kienyeji.

Andiko lililoingia nyumbani kwa urahisi zaidi lilikuwa kanga, nguo yenye jina, yaani msemo uliochapwa juu kidogo ya pindo la chini. Mwanamke asiyejua kusoma alisomewa jina dukani, akalihifadhi, akalivaa siku aliyoamua lionekane, na mlengwa akalielewa. Ulikuwa utunzi wa kuchagua maneno ya mwingine na kuyapa maana kwa kuyavaa mahali pake.

Hatua kubwa ya kusoma ilikuja baada ya Uhuru. Serikali iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 kampeni ya redio ya *Mtu ni Afya* iliwakusanya watu wapatao milioni mbili nchini katika vikundi vilivyosikiliza kipindi, vikasoma kijitabu, vikajadili, kisha vikachimba vyoo na kufyeka vichaka. Kwa wanawake wa vijijini, kujifunza herufi na kujifunza afya kukawa jambo moja tena, ingawa mara hii sauti ilitoka Dar es Salaam. Neno la afya lilitoka kwa wataalamu pia mwaka 1997, mradi wa KINET ulipoanza kuuza bondeni vyandarua na dawa yake kwa jina la *Zuia Mbu*. Utafiti uliotangazwa mwaka 2001 ulivihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wadogo. Lilikuwa neno jema, lakini katika sarufi ya amri.

Mkondo uligeuka kwa kazi za wanawake waliozaliwa katika mkoa huohuo. Penina Muhando, mzaliwa wa Berega, Kilosa, aliandika tamthilia kama *Hatia* na *Nguzo Mama*, akaingiza hadithi na ngoma jukwaani. Yeye na Amandina Lihamba waliongoza sanaa za maonyesho kwa maendeleo, yaani michezo ambayo wanakijiji wenyewe huchunguza shida yao, huitunga na kuicheza. Mwaka 1996 ulianza mpango wa Tuseme, uliowapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuyaigiza yanayowakwamisha shuleni, na mwaka huohuo TGNP, mtandao wa jinsia, ukaanzisha Tamasha la Jinsia. Kabla ya mwaka huo, Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilitoa jarida la *Sauti ya Siti*, lililobeba jina la Siti binti Saad, mwimbaji aliyepata umaarufu bila kupitia shule. Kungwi yeyote wa Kilombero angeelewa uteuzi huo.

Bondeni kwenyewe, mikusanyiko ya wanawake yenye kwaya, maigizo na mafundisho imeendelea katika jumuiya kama WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanzishwa mwaka 1972, na katika sherehe za kumtoa mwali, ambazo sasa ni fupi kuliko zamani. Ratiba yake bado inafuata mpunga. Kuanzia mvua za mwisho wa mwaka hadi mavuno ya Mei na Juni, wanawake wengi wa Ifakara wako ng'ambo ya mto, shambani. Ngoma huanza magunia yakishafika nyumbani, barabara zikiwa zimekauka na mkononi kukiwa na fedha ya kununulia kanga mpya.