Mashine Inayosahau na Kiswahili cha Watoto Wetu



Tarehe 8 Oktoba 2024, hapa Stockholm, ilitangazwa kuwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia wamepewa John Hopfield na Geoffrey Hinton, kwa kazi yao juu ya mitandao ya neva bandia. Sherehe ikawa Desemba, Konserthuset, pale Hötorget tunaponunua mboga. Sisi wahandisi tulicheka kidogo: shahada ya kwanza ya Hinton ni ya saikolojia!

Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1943 McCulloch na Pitts waliieleza seli ya neva kihesabu, kama swichi. Mwaka 1949 Donald Hebb wa Kanada akasema kwamba seli zikiamka pamoja mara kwa mara, kiungo baina yao hukaza, na huko ndiko kujifunza.

Mwaka 1982 Hopfield akabuni mtandao unaokumbuka. Ukiupa kipande cha picha, hujaza kilichobaki. Ndivyo tulivyo: mwambie Mswahili "haba na haba", kibaba kitajaa chenyewe kichwani mwake. Ila mtandao huo una kikomo. Wenye seli 100 ukibebeshwa zaidi ya picha 15 hivi, huanza kuzichanganya.

Lililotugusa zaidi ni la 1989. McCloskey na Cohen waliufundisha mtandao kujumlisha moja, kisha wakaufundisha kujumlisha mbili. Somo la pili likafuta la kwanza.

Nani kati yetu hakulijua hilo? Mtoto anaingia chekechea na Kiswahili chake. Baada ya miaka miwili unamwita kula, anakujibu kwa Kiswidi. Lakini tusimfananishe moja kwa moja na mashine. Yeye amekuja mezani, maana yake ameelewa. Mwaka 1995 McClelland na wenzake walieleza tofauti hiyo: ubongo huweka jipya kwanza kwenye hipokampasi, kisha hulirudia polepole, hata usingizini, likichanganyika na ya zamani. Mashine nayo hupona hivyo hivyo, ikirudishiwa mifano ya zamani kati ya mipya.

Mageuzi ya 1977 yalizitaka shule za Uswidi zifundishe lugha ya nyumbani, lakini vipindi ni vichache. Kwetu tumerudia hadithi za sungura na fisi kabla ya kulala. Mtoto anavuruga ngeli, lakini fisi akidanganywa anacheka kabla hatujamaliza sentensi.