Chungwa, Kikombe na Kitabu: Historia ya Zawadi za Krismasi kwa Watoto Wadogo

Kila mwaka shule zifungapo, na Desemba ikiwa imeingia, hutujia mzazi mmoja au wawili na swali lile lile. Mtoto ana miaka mitatu au minne. Krismasi imekaribia. Maduka ya mji yamejaa magari na bunduki za plastiki ambazo, kwa ujuzi wa mzazi huyo, huvunjika kabla mwaka mpya haujaingia. Je, mwalimu, ni zawadi gani anayoweza kupewa mtoto wa umri huo isiyokuwa kitu cha kuchezea? Wazazi hao huuliza kwa haya kidogo, kana kwamba wanataka kumnyima mtoto haki yake. Sisi tumeona ni vema kuwaeleza walimu wenzetu kwamba haya hiyo haina msingi. Ukiifuata historia ya zawadi hizi toka mbali, utakuta kwamba kitu cha kuchezea kilikuwapo, lakini hakikukalia kiti cha mbele hadi viwanda vilipokikalisha. Waliokitangulia ni chakula, nguo, chombo cha matumizi, na kitabu.

Mwenye kuanzisha mambo haya, kwa mujibu wa mapokeo ya Wakristo, ni Nikolao, askofu wa Mira katika nchi iitwayo leo Uturuki, aliyeishi karne ya 4. Husimuliwa kwamba palikuwa na mzee maskini mwenye binti watatu, naye hakuwa na mahari ya kuwaoza. (Kwa desturi za huko mahari ilitoka upande wa mwanamke, jambo ambalo wanafunzi wetu hulicheka sana.) Nikolao akaja usiku, akatupa dhahabu dirishani, akaenda zake asijulikane. Kumbukumbu yake huadhimishwa tarehe 6 Desemba, na katika nchi za Uholanzi na Ubelgiji watoto huweka viatu vyao usiku ili asubuhi wakute kitu ndani. Wakati wa mageuzi ya dini ya karne ya 16, Waprotestanti wa Ujerumani hawakupenda heshima wapewayo watakatifu, na zawadi zikahamia kwenye Krismasi yenyewe.

Jan Steen, mchoraji wa Uholanzi, aliichora sikukuu ya Nikolao katika miaka ya 1660, na picha hiyo imehifadhiwa katika Rijksmuseum mjini Amsterdam. Tunapenda kuitumia darasani kwa zoezi la insha, kwa kuwa kila mtu aliyemo ana jambo la kueleza. Binti mdogo amemkumbatia mwanasesere, na mkononi ameshika ndoo ya vitu vitamu. Mama anamnyoshea mikono, naye hataki kuja. Kaka yake analia, maana katika kiatu chake kimekutwa kifito cha kuchapia. Mtoto mwingine anamcheka. Nyuma kabisa bibi anamwita yule mwenye kulia kwa kidole, na yamkini amemfichia kitu penye pazia. Sasa tazama, ndugu msomaji, pande za chini za picha: mkate mkubwa ulioegemezwa, vitafunio vya unga, njugu, matunda. Mwanasesere yumo, hatukatai. Walakini ni mmoja tu kati ya vyakula vingi, na mkate umechorwa mkubwa kuliko yeye.

Chakula kilichodumu kuliko vyote katika desturi hii ni chungwa. Wazungu husema kwamba chungwa liwekwalo katika soksi ya mtoto ni mfano wa dhahabu ya Nikolao. Huenda. Lakini sababu iliyo karibu zaidi ni bei. Michungwa haistahimili baridi kali, na kabla ya reli na meli za moshi tunda hilo lilifika nchi za kaskazini kwa shida na kwa gharama. Mtoto wa huko aliweza kupata moja tu kwa mwaka, akalinusa siku kutwa kabla ya kulimenya. Kwetu sisi mtoto huliokota chini ya mti akalifanya mpira. Tunalitaja hili kwa sababu wako wenzetu wanaofundisha Krismasi kana kwamba kila kilichomo hubeba maana ya dini; mara nyingi ni soko lililosema, dini ikaja ikaeleza.

Na kitabu je? Hapa ndipo penye habari iliyotushangaza sisi wenyewe. Mwaka 1744, mjini London, mpiga chapa aitwaye John Newbery alitoa kitabu kidogo cha watoto, *A Little Pretty Pocket-Book*, kilichowekewa picha, michezo na aya fupi fupi. Kitabu peke yake kiliuzwa peni sita. Aliyeongeza peni mbili alipata pamoja nacho tufe kwa mtoto wa kiume, au kimto cha pini kwa mtoto wa kike, upande mmoja mwekundu na upande mwingine mweusi. Mtoto alipotenda jema, pini ilichomekwa penye wekundu. Alipokosa, penye weusi. Angalia mpango wa biashara ile: kitabu ndicho bidhaa, na kitu cha kuchezea ni nyongeza ya kuvutia mteja. Katika maduka ya leo mambo yamepinduliwa. Kikaratasi cha maandishi ndicho kinachofungwa ndani ya sanduku la gari la plastiki, nacho hutupwa kabla hakijasomwa.

Wauza vitabu waliomfuata Newbery waliifahamu vizuri faida ya majira. Mwanahistoria wa Marekani, Stephen Nissenbaum, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu historia ya Krismasi, ameonyesha kwamba vitabu vilikuwa mstari wa mbele miongoni mwa bidhaa za kwanza kutangazwa magazetini kama zawadi za sikukuu hiyo. Na mwaka 1821 ulichapishwa mjini New York ushairi mwembamba wenye picha za rangi, uitwao *The Children's Friend*, ambamo Santa Claus anaonekana katika gari la kuteleza thelujini likivutwa na mnyama wa jamii ya kulungu. Mzee huyo anasema kwamba wengine amewapa mwanasesere, pia au mpira. Lakini baruti na fataki hatoi, zisije zikawaumiza watoto. Ngoma hatoi, zisiwapasue mama zao masikio. Panga pia hatoi. Badala yake anaacha vitabu. Hivyo mzee yule mnene ambaye leo amebandikwa juu ya kila sanduku la plastiki, alipopanda gari lake kwa mara za kwanza alikuwa mgawaji wa vitabu.

Zawadi ya tatu katika anwani yetu ni kikombe. Laura Ingalls Wilder, katika kitabu chake cha mwaka 1935, *Little House on the Prairie*, ameieleza Krismasi ya familia yake huko Kansas, takriban mwaka 1870, walipokuwa wakiishi nyikani katika nyumba ya magogo. Mto umefurika, wazazi wamekata tamaa. Kisha jirani anauvuka kwa kuogelea, nguo zake amezibeba kichwani. Katika soksi za watoto wawili mnakutwa vitu vinne kwa kila mmoja: kikombe cha bati, kijiti cha peremende, keki ndogo yenye umbo la moyo, na peni moja inayong'aa. Hamna hata kimoja cha kuchezea. Kabla ya siku ile Laura na dada yake walinywea kikombe kimoja. Sasa kila mmoja ana chake, na hakuna tena kungojana mezani. Mtoto mdogo anayepewa kikombe chake mwenyewe, sahani yake, mkeka wake wa kulalia, huambiwa bila maneno kwamba amehesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba. Tumewashauri wazazi kadhaa jambo hili, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Jinsi viwanda vilivyoshinda ni habari inayojulikana. Ujerumani ilitangulia, kwa kazi za mikono za Nuremberg na Sonneberg, na hadi vita vya 1914 ndiyo iliyouza vitu vya kuchezea vingi zaidi ulimwenguni. Maduka makubwa ya Ulaya na Marekani yakavipangia vyumba maalumu kila Desemba. Baadaye ikaja plastiki. Hatuna haja ya kukaa hapo.

Tungependa kukaa Aisilandi. Watu wa kisiwa hicho cha kaskazini hawafiki laki nne, na lugha yao haina taifa jingine la kuitegemeza. Mwaka 1944 walipojitangaza jamhuri, vita vilikuwa bado vinaendelea. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na bidhaa nyingi kutoka nje zilizuiwa. Karatasi ilipatikana kwa wepesi kuliko vitu vingine. Basi watu wakapeana vitabu. Tangu mwaka huo wachapishaji wao hutoa orodha ya vitabu vipya, nayo kwa miaka mingi ilipelekwa bure majumbani kabla ya sikukuu, ili kila mtu achague atakachompa nduguye. Wao huyaita majira hayo mafuriko ya vitabu ya Krismasi. Zawadi hufunguliwa jioni ya tarehe 24, na wengi hukesha wakisoma. Watoto wadogo wana desturi nyingine pia: kwa usiku kumi na tatu huweka kiatu dirishani, na asubuhi hukuta kitu kidogo, na aliyekosa adabu hukuta kiazi. Isitoshe, ngano zao zinamtaja paka mkubwa wa kutisha anayemla kila mtu asiyepata vazi jipya kabla ya Krismasi.

Paka huyo angeshiba au angekufa njaa kwetu Uganda? Tunadhani angekufa njaa. Sekukkulu, kama Waganda wanavyoiita Krismasi, ni siku ya nguo mpya kwa mtoto. Mzazi anaweza kukosa nyama, lakini gauni au suruali ya mtoto huitafuta, iwe ni ya fundi wa mtaani au ya mtumba wa soko la Owino. Mtoto huivaa kwenda kanisani, na nguo hiyo hiyo huvaliwa kila Jumapili hadi imbane. Kwa hiyo mzazi anayetuuliza swali la zawadi isiyo ya kuchezea huwa amekwisha kuitoa miaka yote, bila kuiita zawadi.

Kitabu nacho si kigeni katika historia yetu. Alexander Mackay alifika katika jumba la Kabaka Mutesa mwezi wa Novemba 1878, na Waganda wa kwanza walioifuata dini ya Kikristo waliitwa *abasomi*, yaani wasomaji. Kusoma na kusali lilikuwa jambo moja. Na walichosoma mwanzoni, kabla tafsiri za Kiganda hazijawa tayari, kilikuwa Kiswahili, katika Injili zilizotafsiriwa Unguja na Askofu Edward Steere pamoja na wenzake. Sikukuu hii, basi, iliingia Buganda mikononi mwa watu waliokuwa wakijifunza herufi kwa Kiswahili. Twawaomba wenzetu wanaoambiwa kila siku kwamba Kiswahili ni lugha ya kambi za jeshi walikumbuke hilo.

Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na mwaka 2022 serikali yetu iliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulifurahi. Miezi michache baadaye tuliingia duka la vitabu katika mji mmoja ambao hatutautaja, tukaomba kitabu cha Kiswahili cha mtoto wa miaka minne, chenye picha, cha kufungwa karatasi ya Krismasi. Muuzaji, kijana mwenye heshima, alitafuta kwa bidii, akatuletea mkusanyo wa maswali ya mitihani. Tulipomweleza tena, alituuliza, "Mwalimu, mtoto huyo atafanya mtihani gani?" Hatukuwa na jibu. Vitabu vya aina hiyo viko. Tanzania ina mradi wa vitabu vya watoto tangu mwaka 1991. Lakini kutoka Dar es Salaam hadi rafu ile ni mbali, na hakuna orodha inayoletwa mlangoni kwa mtu.

Mwaka uliofuata, katika juma la mwisho la muhula wa tatu, mitihani ikiwa imekwisha, tuliwapa wanafunzi wa kidato cha pili karatasi, sindano na uzi. Kila mmoja alitunga hadithi ya kurasa nane kwa ajili ya ndugu yake mdogo, akaichora, akaishona, akaifunika kwa kipande cha kitambaa. Vilipatikana vitabu kumi na vinane. Ndani tulisahihisha tulivyoweza. Kimoja kilikuwa kimekwisha kupakwa rangi jaladani kabla hatujakiona, kwa herufi kubwa za kijani: HADITHI YA CHULA. Waganda wengi hupata taabu na sauti ya *r* mahali kama hapo, na kufuta rangi ile kungeharibu kitambaa, basi tukakiacha kiende nyumbani kama kilivyo. Mwezi wa Februari mwandishi wake alituarifu kwamba mdogo wake amekwisha kukariri kurasa zote nane, na kwamba kila jioni hukifungua, wakati mwingine juu chini, na kumsomea nyanya yao.